Wastani wa shule umeshuka: walimu wamelala, au watoto si wale wale?

Karatasi ya matokeo ya darasa la saba ilibandikwa mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu, na sisi wazazi tukajazana mbele yake tukisukumana taratibu. Shule yenyewe ni ya msingi, ya serikali, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, mahali ambapo miaka kumi iliyopita palilimwa uwele na leo pana mabati mapya, vigingi vya upimaji wa viwanja na kijiwe cha bodaboda. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule hiyo. Wastani ulikuwa umeshuka. Baba mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Walimu wamelala." Mama mmoja, mtoto mgongoni, akamjibu bila kugeuka: "Walimu ni wale wale, baba. Watoto ndio si wale wale."

Kwenye kikao, hoja ya baba ilijadiliwa saa nzima. Ya mama haikuguswa kabisa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokaa kimya. Naiandika leo kwa sababu naamini alishika ncha ya jambo linalotupita wengi. Wastani wa shule una habari mbili zilizofungwa pamoja: kazi iliyofanyika darasani, na watoto walioletwa darasani. Mtu asipozitenganisha atamlaumu mwalimu asiyestahili lawama, atamsifu asiyestahili sifa, na mtoto aliyekwama atabaki pale pale.

Karatasi inasema nini hasa

Ukifungua matokeo ya shule yoyote ya msingi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, juu utakuta mistari michache: idadi ya waliofanya mtihani, wastani wa shule, na kundi la shule, yaani kama ina watahiniwa 40 au zaidi, au chini ya 40. Chini yake ni orodha ya watoto na herufi zao katika masomo sita. Kila somo lina alama 50, hivyo jumla ni 300. Aliyepata 241 na kuendelea ana A, kuanzia 181 ana B, kuanzia 121 ana C. Hao ndio wanaohesabiwa kuwa wamefaulu. Alama 120 kushuka ni D na E.

Mpaka wa 120 na 121 ni mwembamba kuliko unavyoonekana ukutani. Mtoto wa 120 na mtoto wa 121 wametofautiana kwa alama moja, pengine swali moja la kuchagua walilobahatisha, lakini mmoja ataitwa aliyefaulu na mwenzake aliyefeli. Vivyo hivyo, shule mbili zinaweza kuwa na wastani mmoja na hali tofauti kabisa. Chukua shule ya mfano yenye watahiniwa kumi, kila mmoja amepata 125. Wote wamefaulu kwa C, na wastani ni 125. Sasa chukua nyingine ambayo watano wamepata 200 na watano wamepata 50. Wastani ni ule ule, 125, ila nusu ya watoto wana E na huenda hawajui kusoma vizuri. Hizi ni shule mbili zenye magonjwa tofauti. Mgonjwa wa kwanza anahitaji kusogezwa mbele kidogo kidogo, wa pili ana watoto watano walioachwa njiani miaka mingi iliyopita.

Udogo wa kundi nao una mambo yake. Kwenye shule ya kijijini yenye watahiniwa 20, mtoto mmoja ni asilimia tano nzima. Wawili wakiugua malaria wiki ya mtihani, ufaulu umeshuka kwa asilimia kumi, na mtu wa mbali ataandika kwamba shule imeporomoka.

Hata ufaulu wa taifa zima hausomeki peke yake. Mwaka 2012 waliofaulu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi walikuwa kama asilimia 31. Mwaka 2020 walizidi asilimia 82. Watoto wa nchi hawawezi kuongezeka uwezo mara mbili na nusu katika miaka minane. Mtihani, maandalizi na shinikizo juu ya shule navyo vilibadilika. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza lilieleza kwamba limeacha kutaja shule kumi bora, na sababu mojawapo ni kwamba watahiniwa hawasomi katika mazingira yanayofanana. Naona ulikuwa uamuzi wa haki. Ila huku chini tumeendelea kupanga shule kwa namba, kata kwa kata, kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Walioingia, waliotoka

Ada ya shule za msingi ilifutwa kwa mara ya pili mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Michango ikabaki, na kwa kaya nyingi za huku kwetu mchango ulikuwa ada kwa jina jingine. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaifuta michango ya lazima, na Januari 2016 watoto wakamiminika darasa la kwanza. Wengi wanaokumbuka mwezi ule watakwambia habari za vyumba ambamo mwalimu alikosa pa kukanyaga.

Fuata wimbi lile. Aliyeanza darasa la kwanza Januari 2016, asiporudia darasa, alifanya mtihani wa darasa la saba Oktoba 2022. Kweli, watahiniwa waliosajiliwa nchi nzima walitoka kama milioni 1.1 mwaka 2021 wakafika zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2022. Walioongezeka wengi wao ni watoto ambao zamani wangebaki nyumbani: mtoto wa kibarua, mtoto anayelelewa na bibi, mtoto aliyeanza shule na miaka tisa. Shule iliyokuwa ikijivunia wastani wake mwaka 2014 ilikuwa inapimwa kwa watoto waliokwisha kuchujwa na umaskini kabla hawajafika getini. Wastani ukishuka kidogo kwa sababu mlango umefunguliwa, mimi sioni aibu. Mtoto yule alikuwepo tangu mwanzo, ila hatukuwa tunamhesabu.

Upande wa pili ni watoto wanaotoka, na hapa wastani hudanganya kwa kupanda. Nitatunga namba ili ionekane vizuri. Darasa la kwanza liliandikisha watoto 150. Miaka saba baadaye 90 wamefanya mtihani, 72 wamefaulu. Ukutani itaandikwa asilimia 80, na watu watapiga makofi. Lakini wale 60 wengine wako wapi? Tuseme 20 wamehama na wanasoma kwingine, 15 wamerudia darasa na bado wako nyuma, na 25 hakuna anayejua walipo. Toa waliohama, wamebaki 130 waliokuwa mikononi mwa shule hii. Waliofaulu kati yao ni 72, yaani asilimia 55. Hakuna aliyeghushi kitu. Asilimia 80 ni ya waliofika, asilimia 55 ni ya waliokabidhiwa.

Kurudia darasa kunastahili neno. Asiyefikia kiwango kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hurudia, na kwa mtoto mwenye mwalimu wa kumshika mkono mwaka ule unaweza kumsaidia. Pasipo na mwalimu huyo, anakaa dawati lile lile, anasikia masomo yale yale, ana umri mkubwa kuliko wenzake, na siku moja haji. Darasa la saba linabaki na waliovuka, wastani unapendeza.

Siku hizi kila mwanafunzi ana namba ya PREM inayomfuata hata akihama. Mwalimu mkuu mwenye nia anaweza kujua nani amehamia wapi na nani amepotea kabisa. Namba ipo, bali swali haliulizwi, kwa sababu vikao vyetu vinaanzia kwa walioandika mtihani.

Angalia pia jinsia. Kwa miaka kadhaa sasa wasichana wanaofanya mtihani wa darasa la saba nchini ni wengi kuliko wavulana. Tulizoea kusema mtoto wa kike ndiye anayeachwa nyuma, na bado anaachwa: mimba, ndoa, kazi za ndani mjini. Waraka wa Novemba 2021 ulimruhusu aliyejifungua kurudi shuleni, na kila anayerudi ni ushindi. Lakini mvulana naye anapotea kimya kimya, na hakuna anayemwandikia waraka. Huku kati ya nchi anapotelea machungani, mnadani, kwenye machimbo, kwenye kubeba mizigo stendi. Anaanza kwa kukosa siku ya mnada tu. Baadaye mnada unakuwa ndiyo shule yake.

Namba zinapopingana na ukweli

Turudi kwa mama aliyesema watoto si wale wale. Julai 2016 ilitangazwa kwamba serikali inahamia Dodoma, uamuzi uliokuwa umesubiri tangu mwaka 1973. Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo la jiji hili, ya 2022 ikakuta 765,179. Waliokuja si maofisa wa wizara tu. Wamekuja mafundi ujenzi, mama lishe, walinzi, vibarua wa reli, na familia kutoka Bahi, Chamwino na Kondoa zilizochoka kusubiri mvua. Watoto wao wameandikishwa kwenye shule za kata za pembezoni, wengine darasa la tatu, wengine la sita, katikati ya muhula.

Hapo hutokea jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani ni kosa la hesabu. Nimetunga tena namba. Shule ina makundi mawili: waliosoma darasa la awali na kukua na shule hiyo, na waliohamia au walioanza bila awali. Mwaka wa kwanza kundi la kwanza lina watoto 80, wamefaulu 60, asilimia 75. Kundi la pili lina watoto 20, wamefaulu 8, asilimia 40. Jumla ni 68 kati ya 100, asilimia 68.

Miaka mitano inapita, walimu wamejituma. Kundi la kwanza bado lina 80, sasa wamefaulu 64, asilimia 80. Kundi la pili limekua hadi 80, wamefaulu 40, asilimia 50. Makundi yote mawili yamepanda. Jumlisha: 104 kati ya 160. Asilimia 65. Ufaulu wa shule umeshuka kutoka 68 hadi 65 katika miaka ambayo kila aina ya mtoto alifundishwa vizuri kuliko zamani.

Nilipomwandikia baba yule hesabu hii nyuma ya bahasha, aliirudia mara tatu kwa kalamu yangu. Kisha akanyamaza.

Na linaweza kugeuka. Shule inaweza kuonekana imepanda kwa sababu imepoteza watoto dhaifu. Inajengwa shule mpya jirani, mathalani kupitia mradi wa BOOST, na mitaa ya bondeni inahamishiwa huko. Shule mama inabaki na watoto wa nyumba za karibu na barabara, wastani wake unaruka, na mwalimu mkuu anapewa cheti. Upande mwingine, mtumishi aliyepanda cheo anamtoa mwanawe shule ya serikali na kumpeleka ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Mzazi ana haki yake. Lakini akiondoka ameondoka na mtoto aliyekuwa akiwasomea wenzake hadithi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akifika kikaoni na maswali.

Lugha ya nyumbani

Nikiambiwa nichague jambo moja ambalo karatasi ya mlangoni hailioneshi kabisa, nitachagua hili.

Siku moja kamati ilitembelea darasa la awali. Watoto walituamkia kwa pamoja, na mzee mmoja wa kamati akawaitikia kwa Cigogo, "Mbukwenyi!" Darasa likalipuka kwa kicheko cha furaha. Mwalimu alikuwa akifundisha maumbo. Akamwita mvulana mdogo aliyevaa sweta lililopita magoti, "Njoo uchore duara." Mtoto akamtazama, hakusogea. Akaitwa tena. Akainamisha kichwa. Msichana aliyekaa naye akamnong'oneza maneno mawili matatu ya Cigogo sikioni, na mvulana akainuka, akaenda ubaoni, akachora duara safi, akaliziba pale pale alipolianzia. Kisha akarudi kukaa mbio kabla hajasifiwa.

Mtoto yule alijua duara. Asichokijua ni neno "duara", na neno "njoo" lenyewe alilikisia. Msichana asingekuwepo, mwalimu angeandika kwamba hajui maumbo, na angeandika kwa uaminifu kabisa.

Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na ni lugha yetu sote. Naipenda na naandika kwayo. Lakini mkoa huu una vijiji ambavyo mtoto anafika shule akiwa na Cigogo tu. Kondoa anafika na Kirangi. Chemba kuna watoto wanaofika na Kisandawe, lugha yenye vidoko, isiyofanana na Kiswahili hata kwa kuegemea. Mtoto wa mfugaji anaweza kufika na Kimasai au Kibarbaig. Wa Cigogo ana bahati kidogo, kwa kuwa ni lugha ya Kibantu na maneno mengi yana undugu na Kiswahili. Wa Kisandawe anaanzia sifuri.

Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili limewekewa mkazo wa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Silabi za Kiswahili zina tabia njema, mtoto mwenye masikio anazishika upesi: ba, be, bi, bo, bu. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtoto wa darasa la pili akisoma ukurasa mzima bila kukosea, mzazi anafurahi, na ukimuuliza aliyeibiwa mbuzi kwenye hadithi ni nani anakutazama tu. Anasoma sauti, maana haijafika. Hadi darasa la pili hilo linaweza kufichika. Kuanzia darasa la tatu vitabu havimfundishi tena kusoma, vinamtaka asome ili ajifunze mambo mengine, na hapo ndipo anapoanza kubaki.

Madhara yanajitokeza mahali usipotarajia. Chukua swali la Hisabati: mkulima alivuna magunia 36 ya alizeti, akauza theluthi mbili, yaliyosalia akawagawia watoto wake wanne sawasawa; kila mmoja alipata magunia mangapi? Hesabu yake ni nyepesi, jibu ni matatu. Lakini lazima ujue theluthi, yaliyosalia, na sawasawa. Mtoto atakosa na karatasi itaandika "Hisabati: D". Walimu wataongeza vipindi vya Hisabati, na tatizo lilikuwa kwenye Kiswahili.

Kiingereza ndicho somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa na ufaulu wa chini kuliko yote kitaifa, na kwa mtoto huyu ni lugha ya tatu. Darasa la saba likiisha anaingia kidato cha kwanza ambako karibu kila kitu kinafundishwa kwa lugha hiyo. Mtoto wa nyumba yenye televisheni, vitabu na kaka aliyesoma sekondari amekuwa akiisikia tangu utotoni. Wamekaa dawati moja, wamefundishwa na mwalimu mmoja, na pengo kati yao limeanzia nyumbani kabla ya yeyote kati yao kuvaa sare.

Machi hadi Mei

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na kwa wastani mvua ya mwaka haifiki milimita 600. Kila kitu kinachoota kinaota ndani ya miezi hiyo. Ukitaka kuelewa mahudhurio ya shule zetu, weka rejesta kando ya kalenda ya shamba.

Mwalimu mmoja wa darasa la tano alinifungulia rejesta yake. Januari safu zimejaa. Februari kuna mapengo machache, palizi hiyo. Kuanzia katikati ya Machi ukurasa ulikuwa kama nguo iliyoliwa na panya, na watoto wanaokosa walikuwa wale wale, Jumatatu, Jumanne, Alhamisi. "Hawa wako kwenye madungu," akaniambia. Uwele na mtama vikianza kukomaa, kweleakwelea hushuka kwa makundi, na kundi moja likikaa shambani asubuhi moja linaweza kumaliza chakula cha familia cha miezi. Baba yuko kibaruani mjini, mama ana kichanga. Anayebaki kuamia ndege ni mtoto wa miaka kumi na moja, juu ya dungu, na teo mkononi na kopo la kugonga, kuanzia alfajiri mpaka jua liwe kali, kisha tena jioni.

Tumzoee kumwita mtoto huyu mtoro? Tupige hesabu kwanza. Mwaka wa masomo una siku 194. Akikosa siku mbili kwa wiki kwa wiki kumi, amekosa siku 20, kama sehemu moja ya kumi ya mwaka. Akifanya hivyo miaka saba, zimepotea siku 140, zaidi ya theluthi mbili za mwaka mzima wa shule. Na hazipotei kwa kutawanyika. Zinapotea kila mwaka katika mada zile zile, kwa kuwa silabasi nayo ina msimu wake. Mwalimu anashangaa kwa nini watoto wote wa vitongoji vya mbali hawajui hesabu za sehemu. Sehemu zilifundishwa Aprili.

Miezi hiyo hiyo ya mwanzo wa mwaka ndiyo ghala linapokuwa tupu, kabla ya mavuno. Mwongozo wa taifa wa chakula shuleni wa mwaka 2021 umewaachia wazazi na jamii kazi kubwa ya kuchangia, na mchango wa mahindi unategemea mavuno. Mwaka wa ukame, uji unakoma wakati ambao tumbo la mtoto linauhitaji zaidi. Nimeona darasa saa tano asubuhi siku ya uji na siku isiyo na uji. Siku isiyo na uji mikono haiinuki.

Njaa nyingine ni ya zamani zaidi. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto watatu kati ya kila kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu huathiri na ubongo, na hautibiwi kwa vipindi vya ziada vya darasa la saba.

Na walimu je

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na 25 kwa darasa la awali. Shule za pembezoni mwa jiji zina walimu wengi kuliko za vijijini, ila watoto wameongezeka kwa kasi kuliko vyumba, hivyo baadhi husoma kwa awamu, asubuhi na mchana. Vijijini kinyume: vyumba vipo, mwalimu anabeba madarasa mawili. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu inayoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule ni 6,000, ambayo ni shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto. Inatolewa sawa kwa kila kichwa. Mtoto wa Kisandawe anayeanzia sifuri analetewa 500, na mwenzake mwenye maktaba nyumbani 500. Kama tungekuwa tunajali mtoto anaanzia wapi, fedha zisingekuwa sawa. Hapo naona tunakosea, na sitalisema kwa kuzunguka.

Mabadiliko yanakuja yatakayochanganya takwimu zaidi. Kwa mtaala mpya ulioanza mwaka 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la zamani yatamaliza pamoja. Atakayelinganisha wastani wa 2026 na 2027 bila kusema hivyo atakuwa analinganisha vitu viwili tofauti.

Tulichokifanya

Baada ya kikao kile tulimwomba mwalimu wa taaluma atupangie matokeo upya kwenye karatasi ya manila, bila majina. Safu ya kwanza, waliokuwa shuleni tangu awali. Ya pili, waliohamia kuanzia darasa la tano. Pembeni tukaongeza mambo matatu: siku walizokosa Machi hadi Mei, kama walisoma awali, na kama kaya yao iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha umaskini kilicho karibu nasi. Ilimchukua siku nne baada ya kazi, na tulimnunulia soda.

Mama alikuwa na haki. Waliokulia shuleni walikuwa wamefanya vizuri kuliko wenzao wa miaka ya nyuma karibu katika kila somo. Walioshusha wastani ni waliokuja darasa la tano na la sita, na kati yao waliokosa siku nyingi za Aprili walikuwa chini zaidi.

Lakini kulikuwa na safu moja ambayo hatukuitegemea. Hisabati ilikuwa imeshuka kwa wote, wa awali na wa kuhamia, wa TASAF na wasio wa TASAF, waliohudhuria kila siku na waliokosa. Hapo hapakuwa na familia ya kusingizia, wala mvua. Mwalimu mkuu aliitazama manila muda mrefu, kisha akasema kwamba kwa miaka miwili Hisabati ya darasa la tano ilifundishwa kwa kupokezana, hakukuwa na mwalimu wake mwenyewe. Baba yule naye alikuwa na haki yake.

Tumekubaliana mambo mawili kwa sasa. Mtoto anayehamia apimwe kusoma na kuelewa wiki ya kwanza, kabla ya kupangiwa dawati. Na wazazi wa vitongoji vya mbali wamekubali kuamia kwa zamu, mtu mzima mmoja kwa mashamba matatu yanayopakana, ili watoto washuke kwenye madungu. Zamu ya kwanza ameichukua mama aliyesema watoto si wale wale. Mwalimu wa Hisabati wa darasa la tano bado tunamsubiri.